Dari ya Makapi ya Miwa

Bati halina msimamo. Februari linakaanga watoto, Julai linawadondoshea maji baridi usoni, na mvua ikinyesha linapiga kelele kama mtu aliyeajiriwa kazi hiyo. Ninalijua kwa sababu binti yangu alilala mchana chini yake tangu akiwa na miezi minne, huko mtaa wa Jamhuri, kwa mama mmoja wa kutoka Machakos anayelea watoto wa sisi tunaorudi jioni. Tunamwita Ticha ingawa hajawahi kushika chaki. Chumba chake ni kimoja, kirefu, kuta za mawe, na juu ni bati tupu, hakuna dari. Watoto kumi na wawili, magodoro yamepangwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Kila jioni nilikuwa nikimchukua mtoto nafungua kola naangalia shingo. Vipele. Vidogo, vyekundu, vimejaa kama mtu amemmwagia punje za wimbi. Hasira ilikuwa inanipanda hadi masikioni. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira. Mama anadai nilizaliwa nimekunja ngumi. Baba wa mtoto alikuwa ameshaenda zake. Hadithi yake ni fupi na sitaipotezea karatasi.

Jioni moja Ticha akanisimamisha mlangoni.

"Mama, hebu keti kidogo."

Ukiambiwa uketi, jua ni mbaya.

"Huyu wako halali," akasema. "Joto ikizidi analia, mvua ikipiga analia zaidi. Na akilia anaamsha wote. Mimi nampenda, unajua vile nampenda. Lakini siwezi kukaa na watoto kumi na wawili macho saa nane mchana. Mvua ya Oktoba ikifika na bado ni hivi, utamtafutia mahali pengine."

"Pengine wapi, Ticha? Kwani hao wengine wameezeka na nini? Mawingu?"

"Dari ndiyo naombea."

Nikambeba mtoto nikaenda. Bila Ticha hakuna kazi, na wakati huo nilikuwa nauza nguo za watoto za mitumba kwa kibanda cha mtu karibu na maduka ya Adams. Yule mwenye kibanda alikuwa amekwisha kuniambia mtoto hatakaa pale juu ya marobota.

Maombi ya Ticha yalijibiwa na kijana mwenye matope kwenye viatu na kitu kama mkate mkubwa wa mraba chini ya kwapa. Yeye na Ticha walikuwa wanaabudu kanisa moja. Nilimkuta Ijumaa amesimama katikati ya magodoro, anaangalia juu kwenye bati kama daktari anayeangalia koo.

"Huyu ni injinia," Ticha akaniambia. "Anataka kutuwekea silingi ya bure. Anafanyia majaribio."

"Mimi si injinia, ni arkitekti," kijana akasema.

Neno lililoniingia ni majaribio. Nikanyoosha kidole kwenye ule mkate. "Na hiyo ni nini?"

"Hii ndiyo dari yenyewe. Haijajengwa, imeoteshwa. Unachukua makapi ya miwa, unaweka mbegu ya uyoga, uyoga unatoa nyuzi nyeupe, zinashikana na makapi mpaka—"

"Uyoga."

"Nyuzi zake tu. Kabla haujatoa uyoga tunaukausha kwa joko, unakufa. Hauwezi kuota tena."

"Wewe unataka kuning'iniza ukungu juu ya kichwa ya mtoto wangu?"

"Si ukungu."

"Ukungu na uyoga si ni ndugu? Usinione hivi, mimi nilimaliza kidato cha nne. Baiolojia nilipata C, na hiyo C niliitolea jasho."

"Ni ndugu," akasema. "Hata hivyo ndugu si mtu mmoja."

Sikuzoea mwanaume anikubalie nusu na anipinge nusu bila kupandisha sauti. Ticha alikuwa ameuchukua ule mkate anaunusa, anaugonga kwa kifundo cha kidole.

"Panya atakula?" akauliza.

"Ukishakauka, hautaki."

"Panya wa Jamhuri humjui."

Jumamosi nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda Muthangari, kwa yule kijana, kutafuta uchafu. Nia yangu ilikuwa hiyo, sifichi. Niliona nikifika pale kwake ghafla nitakuta ndoo zinanuka, nitakuta nzi, nitarudi kwa Ticha nimwambie, umeona? Nikapanda kutoka Jamhuri, nikavuka Ngong Road pale Adams, nikatembea hadi mahali ambapo ua ni mrefu kuliko nyumba na mbwa wanabweka wakiwa wameshiba. Alikuwa akitumia gereji ya shangazi yake.

Uchafu haukuwepo. Palikuwa na pipa la kupikia makapi kwa mvuke, meza iliyofutwa kwa spiriti hadi inang'aa, fremu za mbao, na nyuma kachumba kadogo kenye giza na joto ambamo mikate ilikuwa imefunikwa kwa plastiki, inaota. Ndivyo yeye mwenyewe alivyoiita, mikate, kwa sababu inaumuka kidogo na mwisho inaingia jokoni. Kachumba kalinuka kama msitu baada ya mvua. Mtoto akaacha kulia akaanza kunusa pia, pua yake ndogo inacheza.

Nje juani alikuwa ameweka masanduku mawili. Moja lilifunikwa bati peke yake. La pili lilikuwa na bati na mkate chini yake.

"Weka mkono," akaniambia.

La kwanza niliutoa upesi, maana lilikuwa linachoma kama mdomo wa sufuria. La pili nikauacha. Nikauacha sana. Humo ndani mlikuwa na ubaridi wa kanisani.

"Kwa Ticha inahitajika mingapi?"

"Arobaini."

"Na uko na mingapi?"

"Mitano."

"Na nani anakusaidia?"

"Niko peke yangu."

Nikamwangalia anavyofunga plastiki kwenye fremu, polepole, anakunja pembe kama anafunga zawadi ya harusi. "Injinia," nikasema, "kwa mwendo huo mtoto wangu atalala chini ya hiyo dari akiwa na mume."

"Arkitekti," akasema. Halafu akaniuliza kama nataka kazi.

Ndivyo nilivyoacha mitumba nikawa mtu wa kuotesha dari. Mama yangu, anayekaa huko Kikuyu na ambaye ameishi maisha yake yote kati ya kanisa, ng'ombe na wapangaji wake watatu, alicheka hadi akaketi. "Ulisoma ndiyo uende kupanda nyumba?" Lakini nilimsikia akimwambia jirani kwenye simu kwamba msichana wake anafanya na maarkitekti, wengi, kana kwamba tuko jeshi.

Kazi niliipenda. Siku mbili kwa wiki tulishuka mjini kuchukua makapi kwa wale wanaokamua juisi ya miwa. Injinia aliogopa kuwasumbua. Alisimama pembeni na gunia lake kama mtu aliyekuja kuomba msamaha. Mimi nilikuwa naingia katikati. "Niaje, hayo makapi unatupa ama unaoa?" Walicheka, wakanijazia. Tulirudi Muthangari na magunia kwenye kiti cha nyuma, gari linanuka sukari iliyochacha, nyuki wawili watatu wametufuata, na yeye ananieleza kwamba siku moja jengo zima litaoteshwa, kuta na yote, na likichoka litarudi shambani liwe mbolea. Mimi namwambia aangalie barabara.

Makapi unayapika kwa mvuke kuua kila kitu kilichomo. Unayaacha yapoe. Unanawa mikono hadi kiwiko, unachanganya na mbegu, unashindilia kwenye fremu, unafunika. Siku ya tatu unaona utando kama pumzi kwenye kioo. Siku ya kumi mkate ni mweupe wote, umeshikana, ukiugonga unajibu. Kila asubuhi niliingia kuiangalia kabla ya kuvua koti. Niliisemesha. Ukishakuwa mama unasemesha kila kinachokua.

Ilipofika Juni tulikuwa na mikate kumi na minne iliyokauka. Kisha baridi ikaingia, na nikaharibu kila kitu.

Kwetu, mwanamke anayenyonyesha hupewa uji wa kuchachua. Chai ni maji ya wageni, mama anasema. Maziwa yanatoka kwa uji. Unaloweka unga mbichi, unauacha pahali pa joto hadi uchachuke, ndipo unaupika. Lakini chumba changu Jamhuri kuanzia mwezi wa sita ni friji. Uji ulikaa siku mbili, tatu, haukuchachuka, ukawa tu maji yenye huzuni. Na mimi kila siku niko kazini kwenye kachumba kenye joto sawa usiku na mchana, giza, kimya. Mtu mwenye akili angefanya nini? Nikanunua jagi lenye kifuniko. Nikaliweka chini ya rafu ya mwisho, nyuma kabisa. Kila Jumatatu na Alhamisi nilichota unga kutoka kwenye mfuko wangu wa plastiki, nikaukoroga hapohapo, nikafunika, nikaendelea na mikate. Uji ulichachuka vizuri ajabu. Sikuwa nimewahi kupata uji mtamu hivyo, na mtoto alinenepa hadi akawa na bangili za nyama mikononi.

Sikumwambia Injinia. Si kwamba nilijificha. Ni kwamba haikuwa kazi yake, mambo ya maziwa yangu.

Wiki ya pili ya Julai mkate mmoja ulitoka na doa la kijani. Tukautupa. Wiki iliyofuata mitatu, halafu sita kwa mpigo. Kijani kama ya ndizi mbichi, ya unga, inayopaa ukiigusa. Injinia aliacha kunyoa. Alibadilisha mbegu, akachemsha maji ya kunawia, akafuta rafu kwa spiriti hadi macho yakatuwasha. Mimi nilikuwa na hasira na kila mtu aliye mbali. Nililaumu watu wa miwa. Nilililaumu pipa. Siku moja nilimlaumu mbwa wa shangazi.

"Tukiendelea hivi," akaniambia, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, "Oktoba tutakuwa na ile kumi na minne tu. Labda niwaambie kwa Ticha ukweli. Labda haiwezekani kwa gereji."

Nikafikiria Ticha mlangoni, na ile "keti kidogo" yake. Nikaingia kwenye kachumba kupiga kelele, maana sikutaka anione. Nikapiga magoti kutoa mikate iliyooza kwenye rafu ya chini, na ndipo nikaona kitu ambacho mtu yeyote angekiona mapema kama asingekuwa bize kulaumu mbwa. Kijani ilianzia chini kila mara. Ilianzia upande wa nyuma. Kwenye ukingo wa plastiki palikuwa na vumbi jeupe, jembamba. Nikachovya kidole, nikalamba.

Unga wa mahindi na mtama, umesagwa kwa kinu cha Dagoretti. Ningeujua hata nikiwa usingizini.

Tulikuwa tunapika makapi saa nzima kuua kila kitu, kisha mimi, kwa mkono wangu, nilipuliza unga mbichi juu yake mara mbili kwa wiki. Unga mbichi una mbegu zake za ukungu. Hata mimi na C yangu nalijua hilo.

Sikusema siku hiyo. Nililiondoa jagi, nikafuta, nikaenda nyumbani. Nilijaribu hata kujiambia kwamba sasa nimetoa, kwisha, hakuna haja. Lakini kesho yake nikamkuta anafungua dari ya gereji ya shangazi yake kutafuta mahali hewa chafu inapoingilia, kichwa kimejaa utando wa buibui, na nikashindwa.

"Injinia, shuka."

"Arkitekti. Nini?"

"Ni uji."

"Uji gani?"

"Uji wangu. Nimekuwa nachachusha uji kwa kachumba. Unga ndio umeleta hiyo kijani. Ni mimi."

Alishuka ngazi polepole. Alikaa juu ya ndoo yake. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa nimepanga majibu matatu makali, moja juu ya mama yake.

"Wiki sita," akasema.

"Najua."

"Nilitupa mbegu nzuri. Niligombana na yule mzee wa mbegu."

"Najua. Mimi pia niligombana na mbwa."

Akaficha uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika, na nikadhani namuona analia, nikasikia vibaya kweli. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akakohoa ule utando wa buibui.

"Upo?" akauliza.

"Nini?"

"Huo uji. Upo hapo?"

Nilikuwa nao kwenye chupa, umeshapikwa. Akanywa kikombe kizima amesimama. "Mbaya zaidi," akasema, "ni mtamu." Wiki iliyofuata nilikuta ametengeneza kijisanduku cha mbao nje, upande ambao pipa linapasha ukuta, na ndani yake amekitandikia mkate mmoja uliokaushwa lakini umeharibika pembe, kuzuia joto lisitoroke. Akaandika juu yake kwa kalamu nene: UJI PEKE YAKE. Hakunitajia tena jambo hilo. Kuna watu ambao ningetaka wajifunze kutoka kwake, na mmoja wao ana mtoto hapa mgongoni mwangu.

Lakini wiki sita hazirudi. Mwisho wa Septemba tulikuwa na mikate ishirini na mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya Ngong. Ishirini ni nusu ya chumba.

Tuliipandisha Jumapili baada ya kanisa. Mimi nilishika ngazi, Injinia alipiga misumari, Ticha alisimama chini anatoa amri. Ilipokamilika, nusu ya chumba ilikuwa na mbingu nyeupe yenye rangi ya maziwa, na nusu bado ni bati lenye kutu. Injinia akaninong'oneza, "Mwambie huyu wako alale upande huu. Wewe ndiye umeiotesha."

Nami nilikuwa nimeshavuta godoro lake.

"Rudisha," Ticha akasema.

"Ticha—"

"Hapa kwangu hakuna mtoto wa mwenye kazi. Wanaotambaa watalala chini ya silingi. Wanaotembea wako na nguvu, watangoja."

"Wangu hatembei!"

"Hatembei?" Akafungua simu. "Na hii video ulinitumia wiki jana, na maneno yako chini yake, ati oneni miguu ya bingwa?"

"Ni hatua tatu. Na alianguka!"

"Ni hatua. Rudisha godoro."

Injinia aliangalia misumari yake kwa makini sana. Nilirudisha godoro chini ya bati. Nililipiga chini kuliko ilivyohitajika. Usiku huo nilimwosha mtoto nikiongea peke yangu: nimebeba makapi mjini, nimeliwa kucha na spiriti, nimekiri makosa yangu kama mtu mkubwa, na kumbe nimewaoteshea dari watoto wa wengine. Hata nikaichukia video.

Mvua ilikuja siku ya nne, saa tisa mchana, nikiwa Muthangari. Haikuanza na matone, ilimwagwa. Nikamwangalia Injinia, akasema tu, "Nenda." Alitaka kunipeleka na gari lakini foleni yote ilikuwa imesimama, kwa hivyo nilishuka kwa miguu, viatu vinapiga chwa chwa, naandaa moyoni yale nitakayomwambia Ticha, kwamba ona sasa, analia, wote wameamka, na utaniambia nihame, na ni wewe uliyesema nirudishe godoro.

Nilifungua mlango bila kubisha. Upande wa bati ulikuwa unanguruma kama kinu. Ticha alikuwa ameketi huko peke yake kwenye kistuli, magodoro ya wanaotembea yako matupu mbele yake, midomo yake inasema kitu na sauti haifiki. Akanyoosha kidole.

Wote walikuwa upande wa pili. Kumi na wawili juu ya magodoro sita, wamelundikana kama vitoto vya nguruwe, miguu ya huyu shingoni kwa yule. Wangu alikuwa pembeni kabisa, kichwa juu ya tumbo la mtoto wa miezi mitano, mdomo wazi, amelala.

Ticha alisogea akanipigia kelele sikioni. "Mvua ilianza, akaamka! Nikajua sasa ndiyo hiyo! Akasimama! Akaangalia juu huku, akaangalia juu kule! Akaenda! Mwenyewe! Sikumgusa!"

"Hatua ngapi?"

"Nani alihesabu? Alifika! Hao wengine wakamfuata!"

Nikaangalia chini. Kutoka godoro lake hadi pale ni urefu wa chumba cha watu wazima.

Nikavua viatu. Nikaingia chini ya mikate. Sitadanganya kwamba palikuwa kimya; mvua bado ilikuwepo, na nusu ya chumba ilikuwa inanguruma pembeni yangu. Lakini juu ya kichwa changu kelele ilikuwa imevaa soksi. Niliutambua mkate wa kona, ule ambao siku ya tatu ulichelewa na nikausema vibaya. Nikanusa shingo ya mtoto. Jasho kidogo, maziwa yaliyochacha, na hakuna kipele hata kimoja. Kwa mara ya kwanza tangu Februari niliwaza kuhusu ile ishirini iliyobaki bila kukunja ngumi. Kesho nitaanza mapema, nikajiambia. Jagi litabaki nje.

Kisha nikajilaza ukingoni mwa godoro, nguo mbichi na yote, kwa dakika moja tu.

Kutoka upande wa bati Ticha alinipigia kelele kwamba hii si nyumba ya kulelea watu wazima, niamke, ninalowesha shuka. Nilimsikia vizuri sana. Nikafumba macho kama mtu ambaye dari yake inafanya kazi.